Kiyeyushi vuguvugu: nyuzijoto zinazoamua mafuta mazito yatoke au yabaki

Mafuta mazito ni mafuta ghafi yasiyotiririka yenyewe. Katika jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada, yamenasa ndani ya mchanga kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 142,000, katika maeneo matatu yanayojulikana kama Athabasca, Cold Lake na Peace River. Akiba inayohesabiwa kuwa inaweza kutolewa inazidi mapipa bilioni 150, kiasi kinachoiweka Kanada miongoni mwa nchi chache zenye mafuta mengi zaidi duniani. Hata hivyo, ni kama sehemu moja kati ya tano tu iliyo karibu na uso wa ardhi kiasi cha kuchotwa kwa mitambo. Iliyobaki iko chini zaidi, na sharti ilainishwe hukohuko iliko ndipo ivutwe juu kwa visima.

Njia za kuilainisha ni mbili: kuipasha moto, au kuichanganya na kimiminika chepesi kinachoiyeyusha, yaani kiyeyushi. Kwa miongo kadhaa njia hizi zilitazamwa kama washindani. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba zinakutana mahali pamoja, kwenye joto la kiyeyushi chenyewe. Kikiwa baridi mno kazi huenda polepole; kikiwa moto kupita kiasi, huacha kuyeyusha.

Mnato ndio kikwazo

Wahandisi wa mafuta hupima mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka, kwa kipimo kiitwacho sentipoizi, na maji ya kawaida yana sentipoizi 1. Lami ya Athabasca, yaani mafuta mazito ya huko, katika joto lake la asili chini ya ardhi ambalo ni kama nyuzijoto 10, ina mnato unaozidi sentipoizi milioni moja. Kitu cha aina hiyo hakipiti kwenye vitundu vya mchanga hata kikisukumwa kwa nguvu.

Lakini mnato huo hauporomoki kwa mwendo mmoja. Lami ikipashwa hadi nyuzijoto 50, hushuka hadi makumi ya maelfu ya sentipoizi. Kwenye nyuzijoto 100 hubaki mamia tu, na kwenye nyuzijoto 200 hukaribia 10, kiasi ambacho mafuta hutiririka bila shida. Sehemu kubwa ya faida, kwa hiyo, hupatikana katika nyuzijoto za mwanzo. Nyuzijoto 40 za kwanza hupunguza mnato mara makumi kadhaa, ilhali kila nyongeza inayofuata huleta nafuu ndogo kuliko ile iliyotangulia, kwa gharama ileile ya nishati.

Kiyeyushi nacho hupunguza mnato kwa kiwango kikubwa. Propani au butani ikiingia ndani ya lami kwa wingi wa kutosha, mchanganyiko huwa mwepesi mara mamia kuliko lami tupu. Lami iliyopashwa kidogo kisha ikachanganywa na kiyeyushi inaweza kutiririka vizuri kama lami iliyochemshwa kwa mvuke wa nyuzijoto 200. Hapo ndipo msingi wa wazo zima ulipo.

Mvuke, nguvu yake na bei yake

Njia ya visima inayotawala Alberta leo inajulikana kwa kifupi cha SAGD. Aliyeibuni ni Roger Butler, mhandisi wa kemia aliyezaliwa Uingereza, akiwa mtumishi wa kampuni ya Imperial Oil kabla hajaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Calgary. Visima viwili huchimbwa kwa mlalo, kimoja juu ya kingine, vikiachana kwa mita kama 5. Kisima cha juu huingiza mvuke. Mvuke hupanda, hutanua chumba chake ndani ya mchanga na kuipasha lami iliyo pembezoni. Lami iliyolainika pamoja na maji ya moto hushuka kwa uzito wake hadi kisima cha chini, kisha hupandishwa juu.

Njia hiyo ilithibitishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye kituo cha majaribio kilichojengwa karibu na Fort McMurray na shirika la serikali ya Alberta la AOSTRA. Wachimbaji waliteremsha mashimo makubwa hadi kwenye mwamba wa chokaa ulio chini ya mchanga wa mafuta, wakatoboa mahandaki, kisha wakachimba visima kutoka chini kwenda juu. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi cha kufungua mlango wa biashara.

Tatizo ni nishati. Ili pipa moja la lami litoke, mapipa 2 hadi 4 ya maji hugeuzwa mvuke, kwa kawaida kwa kuchoma gesi asilia. Sehemu kubwa ya joto hilo haiendi kwenye mafuta. Mchanga ndio wingi wa mwamba wenye mafuta, na hauwezi kuachwa baridi mafuta yakapashwa peke yake. Kuupandisha mwamba kutoka nyuzijoto 10 hadi 210 ni kuongeza nyuzijoto 200. Kuupandisha hadi 50 ni kuongeza 40 tu. Kwa hesabu hiyo ya mwamba pekee, kufanya kazi kwenye nyuzijoto 50 kunahitaji kama moja ya tano ya joto. Juu ya hayo, chumba kikiwa moto kidogo, joto linalovuja kwenda kwenye miamba ya juu hupungua, na moshi wa hewa ukaa hupungua nao.

Kiyeyushi baridi na somo la Dover

Butler mwenyewe ndiye aliyefikiria kuuondoa mvuke. Mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye na mwenzake Igor Mokrys walionyesha maabara kwamba kiyeyushi kinaweza kushika nafasi ya mvuke wa maji. Njia hiyo waliiita VAPEX. Andiko lao la mwaka 1991 lilieleza kuingiza propani pamoja na maji ya moto. Joto, basi, lilikuwemo tangu mwanzo. Baadaye watafiti wengi walijikita kwenye VAPEX ya baridi, ambamo kiyeyushi huingizwa kwa joto la asili la mwamba na hakuna kinachopashwa.

Kwenye karatasi, VAPEX ya baridi ilikuwa na kila sifa: haitumii maji, haina tanuri la mvuke, na nishati yake ni ndogo. Mwaka 2003 mradi wa majaribio ulianzishwa Dover, kwenye eneo lilelile la kituo cha AOSTRA, kwa ushirikiano wa kampuni na serikali. Haukuzaa mradi wa kibiashara.

Sababu iko kwenye mpaka wa kiyeyushi na lami. Ili kiyeyushi kifanye kazi lazima chembe zake zipenye ndani ya lami, na mwendo wa kupenya hutegemea mnato wa kile kinachopenywa. Lami ya sentipoizi milioni moja ni ukuta. Chembe huingia taratibu mno, tabaka linalolainika huwa jembamba sana, na mafuta hushuka kwa kiasi kisicholipa gharama ya kisima. Joto huvunja mduara huo: lami ikipata vuguvugu mnato hushuka, upenyaji huongezeka, kiyeyushi kingi zaidi huingia, na mnato hushuka tena.

Mtungi wa gesi unaeleza mengi

Viyeyushi vinavyozungumzwa hapa si vigeni jikoni. Propani na butani ndizo zinazojazwa kwenye mitungi ya gesi ya kupikia. Mtungi ukitikiswa husikika kimiminika kikicheza ndani, ingawa gesi hiyo ikiachiwa hewani hupaa mara moja. Kinachoishikilia kuwa kimiminika ni mgandamizo. Propani iliyo kwenye nyuzijoto 20 hubaki kimiminika ikiwa mgandamizo ni zaidi ya mara 8 ya ule wa hewa ya kawaida. Kwenye nyuzijoto 40 huhitaji karibu mara 14, na kwenye nyuzijoto 60 karibu mara 21. Butani ni rahisi kudhibiti: kwenye nyuzijoto 20 huhitaji kama mara 2, na kwenye 60 kama mara 6.

Mtungi huohuo unaonyesha jambo la pili. Jiko kubwa likiwaka kwa muda mrefu, mtungi hupoa na wakati mwingine hutoka jasho kwa nje. Kimiminika kinapogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwa kila kilicho karibu nacho. Joto hilo halipotei. Mvuke ukirudi kuwa kimiminika, tendo linaloitwa mtonesho, huliachia lote mahali unapotonea.

Chini ya ardhi, jambo hili ndilo kiini. Mvuke wa kiyeyushi ulio moto kuliko lami unaingia kwenye chumba, unakutana na ukuta baridi wa lami, unatonea hapohapo. Kwa tendo moja hufanya kazi mbili: huachia joto linaloilainisha lami, na huacha kimiminika safi cha kiyeyushi kinachoingia ndani yake. Joto hufika pale tu linapohitajika, kwenye ukuta wa chumba.

Hii ndiyo kanuni ya teknolojia ya N-Solv, iliyoendelezwa na mhandisi John Nenniger wa Kanada. Kiyeyushi husafishwa, hupashwa na kuingizwa kama mvuke, na chumba hukaa kwenye kama nyuzijoto 40 hadi 60. Mradi wake wa majaribio ulianza mwaka 2014, nao pia Dover, kwenye ardhi ya kampuni ya Suncor. Haukuhitaji kuchemsha maji ili kuzalisha mafuta.

Joto linapozidi

Ikiwa vuguvugu ni bora kuliko baridi, mtu anaweza kudhani kwamba moto ni bora kuliko vuguvugu. Sivyo. Gesi huyeyuka kidogo zaidi ndani ya kimiminika kadiri joto linavyopanda, ikiwa mgandamizo haubadiliki. Propani ikipashwa mbali zaidi ya joto lake la mtonesho, haitonei tena kwenye ukuta wa lami. Hubaki gesi kavu inayopita ikiwa na joto kidogo la kutoa, na kiasi kinachoingia ndani ya lami hushuka ghafla. Lami hupata joto, lakini hupoteza kiyeyushi.

Nguvu mbili basi zinavutana. Joto huongeza kasi ya kiyeyushi kupenya, na hapohapo hupunguza kiasi kinachoweza kuingia. Mahali pa kukutania ni karibu na mstari wa mtonesho: joto ambalo, kwa mgandamizo uliopo, kiyeyushi kinakaribia kugeuka kimiminika. Majaribio ya kiyeyushi cha moto yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Alberta na kundi la Tayfun Babadagli yalifikia hitimisho hilo kwa propani na butani: mafuta mengi zaidi yalitoka pale kiyeyushi kilipokuwa bado mvuke lakini jirani na mstari huo, na kuupita kwa mbali kulipunguza mavuno.

Kuna mpaka mwingine ambao hauwezi kuvukwa kabisa. Kila kiyeyushi kina joto ambalo juu yake hakuna mgandamizo unaoweza kukigeuza kimiminika. Kwa propani ni karibu nyuzijoto 97, kwa butani 152, kwa pentani 197 na kwa heksani 234. Kadiri joto linavyoukaribia mpaka huo, lile joto linaloachiwa wakati wa mtonesho hupungua hadi kufikia sifuri. Propani ya nyuzijoto 90 ni mbebaji dhaifu wa joto. Anayetaka kufanya kazi kwa joto la juu hana budi kuchagua kiyeyushi kizito zaidi.

Ardhi nayo ina neno lake. Mwamba uliofunika mchanga wa mafuta una kikomo cha mgandamizo unaoweza kuuhimili, na mchanga ukiwa karibu na uso, kikomo hicho huwa chini. Mei 2006, kwenye mradi wa Joslyn Creek huko Alberta, mvuke ulipasua mwamba wa juu na kufoka hadi nje ya ardhi. Tangu hapo migandamizo ya kazi kwenye hifadhi za mafuta za kina kifupi imekuwa ikitazamwa kwa makini zaidi. Kwa kiyeyushi maana yake ni moja: kina cha mwamba hupanga mgandamizo, mgandamizo hupanga joto la mtonesho, na joto hilo ndilo huamua iwapo kitumike propani, butani au kingine. Mahali ambapo mgandamizo hauruhusiwi kuzidi mara 6 ya hewa, propani itatonea kwenye kama nyuzijoto 8 tu, sawa na baridi ya mwamba wenyewe, wakati butani itafika karibu na 60.

Uchafu mdogo, hasara kubwa

Hesabu zote hizo zinachukulia kwamba kiyeyushi ni safi. Lami ya Alberta ina methani iliyoyeyuka ndani yake, na lami inapopashwa na kulainishwa, methani hiyo hutoka. Katika joto na mgandamizo wa kazi hii methani haitonei kamwe. Hujikusanya kwenye ukuta wa lami na kuwa blanketi kati yake na kiyeyushi. Kadiri methani inavyoongezeka ndani ya mchanganyiko, ndivyo joto la mtonesho la propani linavyoshuka, na ukuta uliokuwa wa nyuzijoto 40 unaweza kurudi kwenye ubaridi. Ndiyo maana mitambo ya kusafisha kiyeyushi kinachorudi juu ni sehemu ya lazima ya miradi hii. Kukitumia tena bila kukisafisha ni kuirudisha VAPEX ya baridi kwa mlango wa nyuma.

Jambo la pili la kuangaliwa ni asfaltini, chembe nzito na nyeusi kuliko zote ndani ya lami. Propani na butani hazizipendi. Kiyeyushi kikiwa kingi vya kutosha, asfaltini hujitenga na kubaki nyuma mchangani. Faida yake ni kwamba mafuta yanayotoka huwa mepesi na bora zaidi, yakiwa na madini machache kama vanadi na nikeli, na hivyo kiwanda cha kusafisha huyapokea kwa bei nzuri. Hasara ni kwamba mabaki hayo yanaweza kuziba vitundu vya mchanga au mdomo wa kisima. Joto likibadilika, kiasi cha kiyeyushi kinachoingia hubadilika, na kiasi cha asfaltini inayobaki hubadilika pamoja nacho. Kupanga nyuzijoto kwa hiyo ni kupanga pia ubora wa mafuta yatakayouzwa.

Mvuke na kiyeyushi katika bomba moja

Kampuni nyingi hazikutaka kuuacha mvuke ghafla, kwa kuwa mitambo yake imeshajengwa. Zilichagua kuchanganya. Kampuni ya EnCana ilijaribu kuongeza butani kwenye mvuke huko Senlac, jimbo la Saskatchewan, mwaka 2002, na baadaye Christina Lake huko Alberta. Imperial nayo ilijaribu kuchanganya mvuke na kiyeyushi huko Cold Lake.

Katika mchanganyiko huo sheria ya joto hubaki ileile, ila sasa kuna mivuke miwili inayopaswa kwenda sambamba. Mwaka 2003 kundi la Tawfik Nasr katika Baraza la Utafiti la Alberta lilionyesha kwamba kiyeyushi bora cha kuongeza ni kile ambacho joto lake la mtonesho linakaribiana na la maji kwa mgandamizo wa chumba. Katika majaribio yao heksani ilishinda. Kiyeyushi chepesi mno hubaki gesi wakati maji yameshatonea, na kuwa blanketi kama methani. Kizito mno hutonea mapema, kabla hakijafika ukutani. Kinachotonea pamoja na maji hufikisha joto na ulainishaji kwa wakati mmoja.

Njia hii ndiyo iliyofika sokoni kwanza. Mei 2024 Imperial ilitangaza kuanza kuzalisha mafuta katika mradi wa Grand Rapids huko Cold Lake, ikiuita wa kwanza wa kibiashara duniani kutumia SAGD yenye kiyeyushi. Kampuni hiyo ilitarajia mapipa 15,000 kwa siku, na moshi wa kila pipa upungue kwa hadi asilimia 40 ukilinganishwa na njia ya mvuke inayotumika sasa.

Oman, Hoima na Tanga

Mafuta mazito hayako Kanada peke yake. Oman inayo, na kule Qarn Alam yamo ndani ya mwamba wa chokaa wenye nyufa, ambako kampuni ya Petroleum Development Oman hutumia mvuke. Nchini humohumo, huko Amal, mradi wa Miraah uliotangazwa mwaka 2015 ulijengwa ili kuchemsha maji kwa miale ya jua badala ya gesi. Miamba yenye nyufa ndiyo iliyomfanya Babadagli na wenzake kupendekeza mpangilio wa hatua tatu: mvuke kwanza, kisha kiyeyushi, halafu kupasha tena hadi karibu na joto ambalo kiyeyushi huchemka, ili kilichonasa mwambani kigeuke mvuke na kurudi juu. Joto hapo halitumiki kutoa mafuta zaidi tu, bali pia kukomboa kiyeyushi chenye bei kubwa.

Mafuta ya Ziwa Albert nchini Uganda yasichanganywe na haya. Hayo si mazito bali yana nta nyingi, ambayo huganda joto linaposhuka. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limeundwa kupashwa ili mafuta yakae kwenye takriban nyuzijoto 50 njia nzima. Dawa ya nta ni kutoruhusu ipoe. Dawa ya lami ni joto na kiyeyushi, kila kimoja kwa kipimo chake.

Hesabu inayoamua

Kiyeyushi si maji. Pipa la butani lina bei yake sokoni, na kila kilo inayobaki chini baada ya kisima kufungwa ni hasara. Chumba kikiachwa wazi chini ya ardhi hujaa mvuke wa kiyeyushi, na mgandamizo ukiwa juu, kilo zinazojaa humo huwa nyingi. Kwa hiyo nyuzijoto za ziada zinazohitaji mgandamizo wa ziada hulipiwa mara mbili, kwa nishati na kwa kiyeyushi kinachobaki. Mradi mzuri hupimwa kwa mambo matatu kwa pamoja: mapipa yanayotoka kwa siku, nishati iliyotumika kwa kila pipa, na sehemu ya kiyeyushi iliyorudi juu.

Kwa vipimo hivyo, ushahidi wa maabara na wa Dover unaelekea upande mmoja. Kiyeyushi baridi kinaokoa nishati lakini hakitoi mafuta kwa kasi inayolipa. Kiyeyushi kilichopashwa kupita joto lake la mtonesho kinapoteza kazi iliyokifanya kiingizwe. Kinachofaa ni kiyeyushi safi, kilichochaguliwa kulingana na mgandamizo ambao mwamba unaweza kuuhimili, na kushikiliwa karibu na joto la mtonesho wake. Mhandisi anayeuliza "kiwe moto kiasi gani?" kabla ya kujua mgandamizo wa mwamba wake ameanza hesabu kutoka mwisho.